Saksafoni ya baritoni ya zamani yenye A ya chini: sauti na bei

Kaka, umeuliza kama noti za ziada za muziki, yaani za chini au za juu kuliko kawaida, zinapandisha bei ya Selmer Mark VI, saksafoni ya zamani ya kampuni ya Selmer ya Ufaransa. Kwa baritoni, ndiyo. A ya chini, noti iliyo nusu hatua chini ya B flati, imeandikwa kwenye nota nyingi za bendi, kwa hiyo ala yenye noti hiyo inauzika upesi kuliko ile inayoishia B flati. Ubaya wake: bomba limerefushwa, ala ni nzito, na wapigaji wengi husikia B flati yake imebanwa kidogo. F shapu ya juu kwenye saksafoni ya tena (tenor), ndogo kuliko baritoni, ni habari nyingine. Wengi huipenda isiyo nayo, maana ni tundu moja zaidi la kuvuja.

Kabla ya kutoa pesa, ingiza taa nyembamba ndani ya bomba, gizani, ufunge vitufe taratibu bila kukandamiza. Mwanga ukipenya pedi yoyote, yaani kile kifuniko laini cha tundu, hata ya juu kabisa, A ya chini itatetemeka au isitoke. Hapa Mombasa chumvi ya bahari hula springi za chuma. Kagua kutu pale springi inapoingia kwenye nguzo yake, yaani kile kijiti kinachoishikilia, ndipo hukatikia. Ala iliyong'arishwa upya na kupakwa lakeri (vanishi) mpya, omba ipunguzwe bei sana.