Anzeni na Miaka ya Mpito: Ushauri kwa Wanaoandaa Sheria ya Kilimo Hai

Nilipokuwa mkaguzi wa mashamba ya kilimo hai, niliwahi kuketi na mama mmoja pembeni ya shamba lake tukipitia daftari la kumbukumbu. Alikuwa amebakiza wiki sita amalize kipindi cha mpito, yaani miaka ya kungoja kabla ya kuruhusiwa kuuza mazao kwa jina la kilimo hai. Nilipokaribia kurasa za mwisho, aliweka kiganja chake juu ya daftari.

"Mwanangu, kabla hujafika huko nikuambie mwenyewe. Nimepulizia."

Viwavi walikuwa wamevamia shamba ghafla. Alikwenda kwenye duka la pembejeo akaulizia dawa inayoruhusiwa katika kilimo hai, akaambiwa haipo na haijawahi kuwapo. Akarudi na chupa iliyokuwapo, akapulizia kipande cha chini tu, kile kilichokuwa kinaliwa. Angeweza kuchana ule ukurasa. Angeweza kunyamaza, nami nisingejua. Alisema kweli, na mimi nikaandika ripoti iliyolirudisha shamba lake lote mwanzo, kwa sababu fomu yetu ilikuwa na mstari mmoja tu wa kuandika shamba. Hapakuwa na mahali pa kueleza kwamba kipande cha chini kimeguswa na cha juu hakijaguswa.

Miaka kadhaa baadaye niliitwa kwenye kamati ya kuandaa kanuni za kilimo hai. Vikao vya mwanzo viliishia kwenye nembo: rangi yake, iwe na jani au isiwe nalo, maneno yakae juu au chini. Nilikuwa nikimfikiria yule mama muda wote. Kwa hiyo haya ninayoyaandika ni kwa ajili yenu mnaoketi kwenye meza za namna hiyo, na kwa viongozi wa vyama vya wakulima mnaoombwa maoni. Mkitaka sekta ya kilimo hai isimame katika nchi nzima, anzeni na miaka ya mpito. Jiulizeni mkulima ataishi vipi katika miaka hiyo, kisha mambo mengine yote yapangeni kwa kufuata jibu lenu.

Mpito ni ule muda kati ya siku mkulima anapoacha mbolea za viwandani na viuatilifu vilivyokatazwa na siku anaporuhusiwa kuuza mazao yake kwa jina la kilimo hai. Marekani wanadai miaka 3 tangu kitu kilichokatazwa kilipotumika shambani kwa mara ya mwisho. Umoja wa Ulaya unadai miaka 2 kabla ya kupanda mazao ya msimu, na miaka 3 kabla ya mavuno ya kwanza ya mazao mengi ya kudumu. Katika muda huo mkulima anabeba kazi yote ya kilimo hai: palizi zaidi, mboji, daftari, ukaguzi. Mavuno mara nyingi hushuka kwa kuwa udongo haujarudi katika hali yake. Na sokoni anauza kwa bei ileile ya jirani anayepulizia. Wengi ninaowajua walioacha kilimo hai waliachia hapo, kabla hawajaiona hata senti moja ya bei nzuri waliyoahidiwa kwenye semina.

Udongo nao una hesabu zake. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya urea, ambayo ni asilimia 46 naitrojeni, kirutubisho kinachokuza mmea, unabeba kilo 23 za naitrojeni. Mboji nzuri huwa na asilimia 1 hadi 2. Ili kufikisha kilo hizo 23 unahitaji zaidi ya tani moja ya mboji, na hata hapo sehemu ndogo tu ndiyo mmea huipata mwaka wa kwanza. Iliyobaki hutoka polepole miaka inayofuata. Ndiyo maana mkulima wa kilimo hai hupanda mazao jamii ya mikunde kwa mzunguko, hufuga, hurudisha mabaki shambani, na husubiri. Hakuna amri ya serikali inayoweza kufupisha subira hiyo.

Sri Lanka walijaribu kuifupisha. Mwaka 2021 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mbolea za viwandani na viuatilifu, nchi nzima ikatakiwa kulima kilimo hai kwa mara moja. Hapakuwa na mboji ya kutosha, wala mafunzo, wala muda. Mavuno ya mpunga yakaanguka, chai ikaumia, na kufikia Novemba mwaka huohuo marufuku ikaondolewa. Linaniuma tukio hili, kwa sababu hadi leo nikizungumzia kilimo hai mbele ya wachumi mtu hunyoosha mkono na kuitaja Sri Lanka, kana kwamba kilichoshindwa pale ni kilimo hai chenyewe. Kilichofanyika pale ni kuwanyima wakulima mpito.

Tazameni upande wa pili. Denmark ilitunga sheria yake ya kilimo hai mwaka 1987, na tangu mwanzo sheria hiyo iliweka ruzuku kwa mkulima aliye katika mpito. Ukaguzi ulifanywa na serikali yenyewe. Nembo yao nyekundu yenye herufi Ø ilikuja baada ya sheria, ikakuta tayari wapo wakulima wa kuitumia. Mpangilio huo ndio ninaoushauri hata kwa nchi isiyo na hazina nene. Ruzuku si lazima iwe fedha mkononi. Inaweza kuwa gharama ya ukaguzi kulipwa na serikali kwa miaka mitatu ya kwanza, au mkopo ambao marejesho yake huanza baada ya uthibitisho kutolewa, au mbegu za mikunde na za mazao ya kufunika udongo kwa bei nafuu.

Turudi kwenye lile duka la pembejeo, maana hapo ndipo sheria nyingi zinapoanguka bila waandishi wake kujua. Kiwango cha kilimo hai huorodhesha vitu vinavyoruhusiwa: mwarobaini, bakteria wa Bacillus thuringiensis ambao huua viwavi, mitego ya harufu inayovuta wadudu, salfa, shaba kwa kipimo. Lakini ili kitu kiuzwe dukani lazima kisajiliwe chini ya sheria ya viuatilifu, na katika nchi nyingi sheria hiyo iliandikwa kwa ajili ya sumu za viwandani. Anayetaka kusajili dawa ya mwarobaini hudaiwa majaribio na ada zilezile anazodaiwa mwenye kiwanda kikubwa cha kemikali. Anakata tamaa, dawa haifiki dukani, na mkulima ambaye kiwango kinamruhusu kuitumia anaikuta rafu tupu. Wakati mnaandaa kanuni za kilimo hai, kaeni siku hiyohiyo na wenye sheria ya viuatilifu, mbegu na mbolea. Wekeni njia fupi ya usajili kwa dawa za kibaiolojia. Wekeni orodha ya wazi ya bidhaa zilizokubaliwa, kwa majina yake ya dukani, ambayo hata muuza duka anaweza kuibandika ukutani. Na zipimwe, kwa sababu nimekuta chupa zinazodaiwa kuwa za mimea tupu ambazo zikipelekwa maabara hukutwa na kemikali ndani. Mkulima aliyedanganywa hivyo hupoteza miaka yake bila kosa lolote.

Jambo jingine lililonitesa siku ile ni kwamba nilikuwa najua alichoweza kufanya yule mama, na sikuruhusiwa kumwambia. Mkaguzi haruhusiwi kumshauri anayemkagua, na kanuni za kimataifa za uthibitishaji ziko hivyo kwa sababu nzuri: nikikupa ushauri leo, kesho nitakuwa naukagua ushauri wangu mwenyewe. Naikubali kanuni hiyo. Lakini basi awepo mtu mwingine wa kumshauri. Nimeona nchi zikifundisha wakaguzi na kusahau kabisa maafisa ugani. Kwa maoni yangu, kwa kila mkaguzi mmoja mnayemfundisha, fundisheni maafisa ugani kadhaa wa kilimo hai, na somo hilo liingie vyuoni kama somo kamili, si semina ya siku mbili. Mkulima aliye katika mpito akivamiwa na viwavi usiku, awe na namba ya kupiga.

Kuhusu viwango vyenyewe sitakaa sana. Msianze na karatasi tupu. Mwongozo wa mwaka 1999 wa Codex Alimentarius, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, upo, na viwango vya IFOAM, shirikisho la kimataifa la kilimo hai lililoanzishwa mwaka 1972, vipo pia. Chukueni, rekebisheni kulingana na mazao na hali ya hewa yenu, songeni mbele. Nimeona kamati ikimaliza mwaka mzima kuandika upya mambo ambayo dunia ilishakubaliana.

Panapostahili muda wenu ni kwenye swali la nani athibitishe, na kwa gharama ya nani. Uthibitishaji wa kampuni ya nje, mkulima mmojammoja, unamfaa mwenye shamba kubwa au anayeuza ng'ambo. Mwenye ekari mbili hauwezi. Kuna njia mbili zilizojaribiwa. Ya kwanza ni kikundi chenye mfumo wake wa ndani wa udhibiti: wakulima hukaguana kwanza wao kwa wao, kisha mkaguzi wa nje hupima kama mfumo wao unafanya kazi kwa kuwatembelea baadhi yao. Kanuni za sasa za Umoja wa Ulaya zinavikubali vikundi vya namna hiyo, kwa masharti, na kikundi kisizidi wanachama 2,000. Ya pili ni uhakiki shirikishi, ambapo wakulima, walaji na wataalamu wa eneo moja hutembelea mashamba pamoja na kutoa dhamana kwa pamoja. Brazil, kwa sheria yake ya mwaka 2003 na kanuni zilizofuata, iliupa uhakiki shirikishi hadhi sawa na wa kampuni ndani ya nchi, kwa nembo ileile ya taifa. Tena ikaruhusu wakulima wa familia waliosajiliwa kuuza moja kwa moja kwa mlaji bila cheti, mradi waruhusu mashamba yao kutembelewa. Sheria isiyo na kifungu cha namna hii itawatoa nje wakulima wadogo, ambao pengine ndio wengi nchini mwenu.

Msiogope kwamba njia nyepesi kwa mdogo itafungua mlango wa udanganyifu. Uzoefu wangu ni kwamba udanganyifu mkubwa hukaa baada ya shamba: ghalani, kwenye malori, kwenye ankara. Huko Marekani, mwaka 2019, mfanyabiashara wa nafaka alihukumiwa zaidi ya miaka 10 jela kwa kuuza kwa miaka mingi nafaka za kawaida kwa jina la kilimo hai. Hakuna kiwavi wala bomba la dawa katika kesi hiyo. Ni karatasi tu. Kwa hiyo kila anayeushika mzigo, dalali akiwemo, asajiliwe. Hesabu ya magunia yaliyouzwa ilinganishwe na ukubwa wa mashamba yaliyoyatoa, kwa sababu shamba la ekari tatu haliwezi kutoa mzigo wa ekari kumi. Ziwepo ziara za kushtukiza. Umoja wa Ulaya unataka angalau asilimia 10 ya ukaguzi uwe wa namna hiyo. Na neno lenyewe lilindwe kisheria. Mtu alime apendavyo, ila akiandika "kilimo hai" kwenye mfuko awe na uthibitisho, na adhabu ya kulitumia kwa uongo imuumize mwenye ghala kuliko inavyomuumiza mwenye jembe.

Na soko la mazao ya mpito? Hapa ndipo ninapowasihi zaidi. Umoja wa Ulaya unaruhusu mazao ya mimea kuandikwa kuwa yanatoka shamba lililo katika mpito, baada ya miezi 12 ya kwanza. Mlaji akijua anachonunua, wapo watakaolipa nyongeza kidogo kumsaidia mkulima avuke. Mnunuzi wa uhakika zaidi anaweza kuwa serikali: shule, hospitali, kambi. Jiji la Copenhagen lilijiwekea lengo kwamba asilimia 90 ya chakula cha jikoni zake za umma kiwe cha kilimo hai, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuwafundisha wapishi kupika upya, kupunguza nyama na kupunguza chakula kinachotupwa, ili bajeti isipasuke. Zabuni za namna hiyo zikitenga sehemu kwa mazao ya mpito, mkulima anakuwa na mnunuzi kabla hajawa na cheti. Nililipendekeza hilo kwenye kamati yetu. Halikupita mara ya kwanza. Nitalirudia.

Pendekezo lililokubaliwa ni dogo zaidi. Fomu ya usajili sasa inadai mchoro wa shamba, kila kipande na namba yake, na kila kipande kina tarehe yake ya kuanza kuhesabiwa mpito. Kipande kikiguswa, kinarudi mwanzo chenyewe, na mavuno yake yanatengwa na mengine kuanzia kuvuna hadi ghalani. Wapo waliosema ni usumbufu wa makaratasi. Niliwaeleza habari za yule mama, kwamba kwa fomu ile ya zamani mkulima aliyesema kweli alipoteza shamba lote, na ambaye angenyamaza asingepoteza kitu.

Kwake fomu mpya ilichelewa. Nilimwona tena msimu uliofuata baada ya ripoti ile, akiwa na daftari jipya. Ukurasa wa kwanza alikuwa amechora shamba lake kwa kalamu ya risasi, kipande cha juu na kipande cha chini, ingawa hakuna aliyemtaka afanye hivyo. Chini ya mchoro aliandika tarehe aliyopulizia, jina la dawa, na mahali alipoishia.