Vifungu vya mikataba: tuvipe majina gani ili vipatikane haraka?

Swali: Habari za kazi kaka, niko ofisi ya mawakili hapa Dar, tunaandika mikataba ya pango, ajira na mauziano. Vifungu vinavyojirudia tumeviweka folda moja ila majina ni vurugu tupu, kuna "usuluhishi mpya", "usuluhishi final", "usuluhishi final2", hatujui tutumie kipi. Tuvipangeje?

Jibu: Nzuri dada, pole na hiyo folda. Shida hapo sio wingi wa vifungu, shida jina halisemi kifungu kinafanya kazi gani, na anayetafuta mara nyingi mteja kakaa mbele yake anasubiri, anachojua yeye ni kwamba anataka kifungu cha kuvunja mkataba kinachomlinda mwenye nyumba, basi. Kwa hiyo jina lifuate hivyo hivyo: kazi ya kifungu, kinamlinda nani, nchi, lugha. Mfano KUVUNJA-mwenyenyumba-TZ-sw, na chini yake KUVUNJA-mpangaji-TZ-sw.

Hapo kwenye "kinamlinda nani" msiparuke kabisa. Kifungu cha mwenye nyumba ukikipesti kwenye mkataba wa mpangaji kinasomeka vizuri tu, hakuna anayeshtuka, mpaka siku mteja wako anatolewa nje kwa notisi ya siku 14 uliyoiandika wewe mwenyewe. Nchi nayo ni muhimu, usuluhishi wa Tanzania unataja Sheria ya Usuluhishi ya 2020, Kenya wana yao ya 1995.

Namba ya kifungu msiweke, leo ni cha 14 kesho cha 9. Jina la mteja pia hapana, siku mnashea skrini na mteja mwingine ataliona, na hiyo ni siri ya watu.

"Final" futeni zote. Wekeni tarehe mwishoni, mwaka ukitangulia, 2024-03-15, ndio zinajipanga zenyewe kwa mfuatano (mkwaju, yaani alama hii /, msitumie, Windows inaukataa kwenye jina la faili). Toleo la zamani lihamie folda ya ZAMANI siku hiyo hiyo, folda kuu ibaki na toleo moja tu la kila kifungu.

Mkihifadhi ndani ya Word kama AutoText (maandishi yaliyohifadhiwa ili uyaite kwa jina fupi), pale vipeni jina fupi, kvmn kwa mfano, yaani kuvunja-mwenyenyumba, jina refu liende kwenye kisanduku cha maelezo. Ukiandika kvmn ukabonyeza F3 kifungu kizima kinaingia.

Msianze na folda nzima, anzeni na vya pango maana naona ndio mnavyotumia sana, na mtu mmoja tu ndio awe na ruhusa ya kubadili majina.