Babu alitekwa Tobruk: uanzie wapi kumtafuta?

Pole, dada. Unasema babu yenu wa Mumias alichukuliwa jeshi la Waingereza, barua zikakatika 1942, na nyumbani mkaambiwa tu "alishikwa Tobruk". Inawezekana kabisa. Mji ule wa Libya uliangukia mikononi mwa Wajerumani na Waitaliano tarehe 21 Juni 1942, na wanajeshi zaidi ya 30,000 wakatekwa.

Kwanza pekua sanduku la nyanya. Unachotafuta ni namba yake ya jeshi: juu ya bahasha, risiti ya malipo, karatasi yoyote yenye muhuri. Jina peke yake litakusumbua, kwani makarani waliandika walivyosikia. Wekesa anaweza kuwa Wakesa. Na usitafute "Kakamega" tu, enzi hizo wilaya iliitwa North Kavirondo.

Kisha ingia orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ni bure mtandaoni. Waliokufa jangwani bila kaburi kujulikana wameandikwa kwenye mnara wa Alamein, Misri. Asipokuwemo, usivunjike moyo: ile ni orodha ya wafu, na huenda alitoka kambini hai.

Hapo ndipo uende Msalaba Mwekundu, tawi la karibu, uulizie huduma ya kutafuta jamaa waliopotea. Kumbukumbu za mateka ziko Geneva, na maombi hupokelewa kwa vipindi, nafasi hujaa upesi. Dalali akitaka pesa "akufungulie faili", achana naye. Fomu unajaza mwenyewe.