Hakuna mnara, lakini nenda: maswali yenu kuhusu Vita Kuu Kigoma na Tabora

Wiki hii nimekusanya maswali ya wanaotaka kutembelea maeneo ya Vita Kuu ya Kwanza huku kwetu magharibi. Mengi yanafanana, kwa hiyo nimeyafupisha.

Nafundisha historia sekondari, Kasulu. Nataka kuwaleta wanafunzi wa kidato cha tatu Kigoma kwa siku moja. Mnara wa kumbukumbu uko wapi?

Mwalimu, ukija kutafuta mnara utarudi Kasulu na lawama za wanafunzi. Kumbukumbu ya vita Kigoma ni stesheni, bandari na meli.

Anzia stesheni. Reli ya Kati ilifika hapa Februari 1914, miezi sita tu kabla ya vita kuanza. Aliyeishika reli na bandari alilishika Ziwa Tanganyika, ndiyo maana mji mdogo kama huu ukagombewa na Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza. Kisha shukeni bandarini mkazungumzie meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa kwenye makasha, ikaja kwa bahari hadi Dar es Salaam na kwa treni hadi huku. Ikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini Februari 1915. Baadaye ikafungwa mzinga wa manowari Königsberg, ile iliyoishia kwenye delta ya Rufiji.

Waingereza nao walileta boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini kupitia Kongo, kwa treni, kwa kuzivuta nchi kavu na kwa mto. Boti hizo ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani tarehe 26 Desemba 1915, na Februari 1916 Mimi na Kingani hiyo hiyo, sasa ikiitwa Fifi, zikaizamisha nyingine, Hedwig von Wissmann. Hayo yalitokea ng'ambo, upande wa Kongo, kwa hiyo usiwaahidi watoto kuwaonyesha mahali. Lakini usisahau kuwasimulia kwamba ndege za Wabelgiji zilikuja kuidondoshea Kigoma mabomu, na kwamba mzinga halisi wa Goetzen uliondolewa ukapigane nchi kavu, na mahali pake ukawekwa wa mbao. Watacheka, waache wacheke. Kwangu mimi mzinga ule wa mbao unaeleza hali ya jeshi lililoishiwa kuliko ukurasa mzima wa kitabu.

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha Goetzen wenyewe isitekwe, baada ya mafundi kuzipaka injini zake grisi nzito zisiliwe na kutu. Grisi ilifanya kazi yake: Waingereza waliiibua mwaka 1924, na 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Barua ya shule itangulie, moja kwa mkuu wa stesheni na nyingine kwa meneja wa bandari. Kundi la wanafunzi lisilo na kibali halivuki geti.

Naweza kupanda Liemba yenyewe?

Usijenge safari yako juu ya hilo. Meli imekaa miaka mingi ikisubiri matengenezo na kutengenezwa, kwa hiyo ulizia kwanza ofisi ya meli bandarini. Anayekuuzia tiketi ya Liemba kwa simu, kata simu. Ukikosa kuipanda, ongea na watu wa Kagunga, kijiji cha ziwani mpakani na Burundi. Watakusimulia ilivyosomba wakimbizi wa Burundi mwaka 2015, nayo ni historia ya vita pia.

Natoka Kigoma kwa treni, nitakuwa Tabora siku moja. Nione nini? Na boma naweza kulipiga picha?

Picha, hapana. Boma la Mjerumani liko mikononi mwa jeshi. Lione kwa nje ukipita, simu ibaki mfukoni, na ukisimamishwa jibu kwa adabu.

Uhondo wenyewe uko njiani, na abiria wengi wanaupita wamelala. Kama kumekucha, kaa dirishani kuanzia Usoke hadi Lulanguru. Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji, yaliyojaa askari wa Kikongo chini ya Jenerali Tombeur, yalifuata reli hii hii kuelekea Tabora, na Lulanguru palipiganwa vikali. Mji uliingiwa tarehe 19 Septemba, Wajerumani wakiwa wameshaondoka. Utaona miti, mashamba na watoto wakipunga mikono. Hakuna bango lolote, na kwa maoni yangu hiyo ni aibu, maana bango si ghali.

Ukifika Tabora, kumbuka kwamba katika karakana ya reli mwaka huo huo 1916 Wajerumani walifua sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu ya machimbo ya Sekenke. Kijana akikuletea moja kwa bei ya kutupa, huenda ni ya bandia; mshukuru uendelee na safari.

Babu mzaa baba alisimulia kwamba baba yake alichukuliwa Urambo kubeba mizigo ya vita, hakurudi. Jina lake nitalikuta kwenye jiwe gani?

Dada, pole. Nikuambie kweli: huenda hakuna jiwe. Sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, ya mwaka 1927, inawasifu wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na inaahidi kwamba anayekufa watoto wake watalikumbuka jina lake. Majina yenyewe hayakuandikwa. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola iliomba radhi: wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Na hapo ni waliotumikia Waingereza tu.

Kwa hiyo anza na swali moja kwa wazee wa ukoo: alichukuliwa kabla Wabelgiji hawajaingia, au baada? Kama ni kabla, alibebea Wajerumani, nawe uelekee Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, kwenye majalada ya Kijerumani. Kama ni baada, alibebea Wabelgiji au Waingereza. Kama familia ilikuwa ya Kikristo, waombe vitabu vya ubatizo Wamoravian wa Urambo au parokia za zamani kama Ndala. Ukiwa na wazee, andika jina la baba yake, kijiji na waliochukuliwa pamoja naye. Wapagazi wengi waliuawa na kuhara damu na njaa kuliko risasi, kwa hiyo usishangae kusikia "aliugua njiani". Dua au tambiko lifanyieni Urambo. Hamhitaji kibali cha mtu.

Twende mwezi gani?

Julai. Ni kiangazi, na tarehe 25 ni Siku ya Mashujaa, ambapo kitaifa huwekwa mkuki na ngao, sime na mashada ya maua. Ulizia mkoani kama kuna shughuli, kisha kesho yake mkaadhimishe kuzama kwa Goetzen pale ziwani.

Shambani kwetu nje ya Tabora jembe limegonga kitu cha chuma kama ganda la bomu. Nikipeleke makumbusho?

Usikiguse tena. Weka alama kwa mbali, zuia watoto na ng'ombe, uwaite polisi. Na mnunuzi wa vyuma chakavu asijue kabisa.