Samaki wa ziwani hayuko mbali

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimejifunza kuvua trauti, yule samaki wa maji baridi, kwa nzi bandia (ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu) kwenye Mto Sagana na vijito vya Nyeri, na huko siku hizi sikosi samaki. Mwezi uliopita tulipanda Ziwa Rutundu, huko Mlima Kenya, na marafiki, tukavua siku mbili. Sikupata hata wa kudona. Niliwaona wakiruka katikati ya ziwa, lakini nzi wangu hafiki huko. Narusha kama meta 12 tu. Fimbo yangu ni namba 5, ile nyepesi. Muuzaji mmoja ananishauri ninunue namba 8 iliyo nzito zaidi, mshipi wa kuzama haraka, na tairi la kuelea la kukalia ili niwafuate samaki waliko. Nianze na kipi kati ya hivyo? Disemba nataka kurudi na mwanangu wa miaka 13. (Msomaji, Thika)

JIBU: Marahaba. Usinunue hata kimoja. Fimbo yako namba 5 inatosha, mshipi wako unaoelea unatosha, na meta 12 ni nyingi kuliko unavyohitaji kwa sehemu kubwa ya siku. Hilo tairi nitalirudia mwishoni, kwa sababu lina mambo mazito kuliko fedha.

Barua za namna hii nazipata mfululizo, na karibu zote zimebeba imani ile ile: kwamba samaki wa ziwani yuko mbali, na kwamba anayerusha mbali zaidi ndiye mvuvi zaidi. Imani hii inanikera kuliko nyingine yoyote katika kazi yangu, maana inawafukuza wanaoanza. Mtu amejifunza mtoni vizuri, ana mkono mtulivu, ana jicho, halafu anafika ziwani anakuta uwanja mpana wa maji na kila alichojua kinamtoka. Anaanza kupiga mshipi kwa nguvu zake zote, bega linauma, uzi unafunga mafundo, na jioni anashuka mlima akiamini kwamba ana upungufu wa vifaa.

Fikiria chakula cha samaki kinatoka wapi. Majani ya majini huota pale mwanga wa jua unapofika chini, yaani kando kando, kwenye kina kifupi. Kwenye majani hayo ndiko waliko konokono, mabuu ya kerengende na wadudu wengine ambao trauti anaishi kwa kuwala. Katikati ya ziwa, kwenye kina na giza, mezani hakuna kitu kingi. Mtoni samaki hukaa nyuma ya jiwe lake na maji humletea riziki. Ziwani maji hayamletei chochote, kwa hiyo yeye ndiye anayetembea, na anatembea panapolika: anapita ukingoni, anageuka, anarudi. Alfajiri mara nyingi anapita kwenye maji ambayo hayafiki hata magotini.

Wale uliowaona wakiruka katikati wapo kweli. Ila uliwaona kwa sababu waliruka. Anayekula taratibu kwenye majani mbele ya viatu vyako haruki wala hapigi kelele, na wewe ulimtimua kabla hujafungua rili, lile gurudumu la mshipi. Mtu akifika ziwani hushuka moja kwa moja hadi kwenye maji, akasimama wima mbingu ikiwa nyuma yake, akaingia hadi magotini ili apate meta mbili zaidi, kisha akarusha juu ya vichwa vya samaki wote waliokuwa karibu. Mshipi mnene ukiwapita juu na kuangukia migongoni mwao, hao kwa asubuhi hiyo wamekwisha.

Kwa hiyo Disemba fanya hivi. Simama kama meta tatu kabla ya maji. Piga goti ikiwa ukingo hauna vichaka vya kukuficha. Vaa miwani ya jua ile inayokata mng'ao wa maji, na utazame kwa dakika kadhaa bila kurusha chochote. Mrusho wako wa kwanza uwe mfupi kabisa na uende sambamba na ukingo, nzi akitua pale majani yanapoishia. Wa pili uende upande wa pili vivyo hivyo. Baada ya hapo ndipo uanze kurusha kuelekea nje kidogo kidogo. Kama ziwa lina kijito kinachoingia, mdomo wake uwe kituo chako cha kwanza.

Sasa kina, ambacho ndicho swali ulilopaswa kumuuliza muuzaji wako, naye ndicho alichopaswa kukuuliza. Ziwani samaki anaweza kuwa karibu nawe kabisa na bado nzi wako akapita juu yake siku nzima. Funga uzi wa naironi mrefu kuliko ule wa mtoni, meta nne hivi, kwenye mshipi wako unaoelea, na nzi aliyewekewa uzito kidogo. Rusha, kisha usivute. Hesabu hadi kumi, ndipo uanze kuvuta. Mrusho unaofuata hesabu hadi kumi na tano, halafu ishirini. Utafika mahali nzi anarudi na kipande cha jani kwenye ndoana. Punguza hesabu mbili au tatu, na sasa unavua juu kidogo ya majani, mahali trauti anapopitisha pua yake. Hesabu hiyo ikishakupa samaki, ishike wala usiibadilishe mpaka jua au upepo ubadilike. Mshipi wa kuzama haraka ungekuzamishia nzi ndani ya matope kwenye ukingo huo huo. Una kazi yake kwenye mabwawa yenye kina, hasa ya miinuko ya chini ambako maji ya juu yakipata joto la kupita nyuzi 20 trauti hutaabika na kushuka chini kutafuta ubaridi. Rutundu iko juu ya meta 3,000. Shida hiyo huna.

Kuna tabia ya mtoni ambayo lazima uiache, na nadhani ndiyo iliyokunyima hata kudonwa. Mtoni ulifundishwa kuuacha mshipi ulegee ili nzi aelee kwa uhuru na mkondo. Ziwani ulegevu huo unakufichia kila kitu. Trauti wa maji yaliyotulia humeza nzi, akagundua si chakula, akamtema, na wewe hujahisi chochote kwa sababu kati yako na yeye kuna meta nzima ya mshipi uliojikunja. Baada ya kurusha, teremsha ncha ya fimbo hadi iguse maji. Nyoosha mshipi mpaka uwe mstari mmoja kutoka kidoleni hadi kwa nzi. Kisha vuta kwa kuukusanya kwenye kiganja, sentimeta tano, ukapumzika, tano tena. Macho yasitoke pale mshipi unapoingia majini. Mshipi ukisita, ukizama ghafla au ukisogea upande hata kidogo, inua fimbo. Usingoje kuvutwa.

Polepole ya namna hiyo ina sababu yake. Chakula kikubwa cha trauti katika maziwa mengi ni wadudu wadogo wanaofanana na mbu lakini hawaumi, wale wanaotanda juu ya maji jioni. Buu wao huishi ndani ya matope, na wengi ni wekundu kwa sababu wana himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, inayowasaidia pale oksijeni inapokuwa haba. Wakikomaa hupanda kutoka chini hadi juu ya maji kwa mwendo wa kuchosha kuutazama. Nzi wako mweusi au mwekundu kwenye ndoana ndogo ya namba 12 au 14 anapaswa kwenda kwa mwendo huo. Ukimvuta kwa kasi, humwonyeshi trauti kitu chochote anachokijua. Samaki wa kwanza mtakayemla mpasue tumbo, yamwage yaliyomo kwenye kisahani cheupe chenye maji, utikise. Utaona mabuu, magamba ya konokono, pengine mbawa. Hapo umepata jibu la nzi gani wa kufunga, na hujalipa mtu.

Upepo nao usiukimbie. Wanaoanza huchagua upande ambao upepo unawapiga mgongoni kwa sababu kurusha ni rahisi. Lakini upepo ukivuma kwa saa kadhaa husukuma wadudu na vyakula vingine vya juu ya maji kuelekea ukingo wa pili, na samaki hufuata. Nenda huko, vua mirusho mifupi upepo ukija usoni, ndoana iwe mbali na sikio lako. Huko juu asubuhi huwa shwari na mchana mawingu hufunga, kwa hiyo amka mapema.

Basi, huyu muuzaji wako. Simjui, lakini maneno yake nayajua. Fimbo namba 8 ni ya samaki wakubwa, au ya kurusha nzi mzito baharini kwenye upepo wa pwani. Kumpa anayeanza kuvua trauti kwenye ziwa dogo la mlimani ni kumchosha mkono na kumharibia raha ya samaki wa robo tatu ya kilo. Aliyekupa ushauri huo hakuuliza unavua ziwa gani, ukingo wake ukoje, wala samaki wanakula nini. Aliuliza una shilingi ngapi.

Na hayuko peke yake. Kuna walimu wanaokusanya watu kwenye uwanja wa mpira, wanawafundisha kutupa mshipi wote uliomo kwenye rili, wanawapiga picha, wanawapa cheti cha siku moja. Uwanjani hakuna samaki wa kutishwa wala jani la kunasa ndoana, basi mwanafunzi anaondoka akijua jambo moja ambalo ziwani litamdhuru. Kuna wanaouza chupa za mafuta ya kupaka nzi eti yanaita samaki. Kuna viongozi wa safari, na hili linaniudhi mno, wanaochomeka mnyoo kwenye ndoana ya nzi mteja akigeuka ili picha ipatikane na malipo yatoke, ilhali kwenye maji mengi ya trauti ya Kenya kinachoruhusiwa ni nzi bandia pekee. Mteja anarudi mjini akiamini amejua. Safari ya pili, bila kiongozi, hapati kitu, na anaamua mchezo huu ni wa bahati.

Wenye kuumia zaidi ni samaki wenyewe. Trauti si wa asili ya milima yetu. Wa kwanza waliletwa 1905 na mlowezi Mwingereza Ewart Grogan kutoka Loch Leven huko Uskoti, wakapandwa Mto Gura kwenye milima ya Aberdare, na aina nyingine, trauti wa upinde wa mvua, akafuata 1910 kutoka Afrika Kusini. Huyu wa upinde wa mvua hutaga kwenye changarawe yenye maji yanayotembea. Ziwa lisilo na kijito kizuri haliwezi kujazwa na samaki wake wenyewe. Linategemea watu wapande vifaranga. Mtu anayechukua samaki wengi kwa mnyoo ili apige picha anamaliza kitu ambacho hakitarudi bila mtu mwingine kugharamika. Ule mwiba mdogo wa kurudi nyuma kwenye ndoana ubane kwa koleo, lowesha mikono kabla ya kumshika samaki, chukua mnayemla jioni, wengine warudishe.

Sasa tairi. Hapa nisikilize vizuri, na yeyote mwingine anayesoma asikilize. Maji ya maziwa ya Mlima Kenya ni baridi mwaka mzima. Mtu akitumbukia ghafla, kifua hubana, pumzi humtoka bila hiari yake, na akivuta maji katika mshtuko ule, kuogelea kwake hakumfai kitu. Akivuka hapo, baada ya dakika chache vidole hugoma kufunga wala kushika. Suruali ya mpira inayofika kifuani ikijaa maji inamlemea hata anapojaribu kupanda ukingoni. Ukungu ukishuka adhuhuri hamtaonana kutoka ukingo hadi ukingo, na upepo unaweza kumpeleka aliyekaa kwenye tairi upande ambao hauna njia ya kutokea. Hospitali iko saa nyingi chini kwa barabara ambayo mvua ikinyesha haipitiki. Wapo wazoefu wanaotumia matairi hayo, wakiwa na jaketi la kuokolea mwilini na mwenzao ukingoni. Anayeanza, aliyeambiwa na muuzaji kwamba samaki wako katikati, hana sababu yoyote ya kuwa juu ya maji yale.

Hata kuingia kwa miguu nakukataza. Kando za maziwa mengi ya huko juu ni tope laini lililofunikwa na majani. Hatua moja linashika, ya pili linameza hadi pajani, na anayevuta mguu mmoja kwa nguvu anazamisha wa pili. Watu huingia humo wakitafuta zile meta mbili za ziada ambazo hawazihitaji.

Mwanao mpe fimbo yako hiyo hiyo, mpokezane. Avae miwani na kofia muda wote mshipi unapopeperuka, asimame upande wa mkono wako usiorusha, na asikaribie maji bila wewe. Leseni zenu za uvuvi na ada za hifadhi zilipieni kabla ya kupanda. Fedha ya namba 8 nunulia naironi nzuri, miwani miwili, nzi wachache wadogo, na koti la mvua la kijana.