Pedi za lori kwenye basi la Citaro?

Ndugu uliyeuliza kama pedi za breki za lori zinaingia kwenye Citaro, basi la mjini la Mercedes-Benz: usianze na jina la gari, anza na kalipa, yaani kifaa kinachobana pedi kwenye diski. Soma kibati chake. Ukikuta Knorr-Bremse SB7 au SN7, namba ya pedi unayoitafuta mara nyingi ni WVA 29087, na malori kadhaa yenye kalipa hiyo hutumia pedi hizohizo. Namba imechapwa nyuma ya bamba la chuma la pedi. Bila namba, acha.

Basi la mjini husimama na kuondoka kutwa nzima, kwa hiyo breki hazipati nafasi ya kupoa. Tafadhali nunua pedi zenye muhuri wa R90, kanuni ya kimataifa ya ubora wa pedi za kubadilishia. Bei rahisi hapa ni roho za abiria.

Badilisha ekseli nzima, kushoto na kulia, pamoja na springi za kushikilia pedi na waya za sensa. Zikibaki milimita 2 za kitambaa, yaani sehemu ya pedi inayosugua diski, zitoe. Pima na diski: mpya ina milimita 45, ikifika 37 haifai tena. Pini za kalipa zikigoma kuteleza kwa mkono, pedi mpya zitaisha upande mmoja tu.