Jamaica nje ya geti la hoteli: maswali yenu na majibu

Barua za Jamaica zimejaa sandukuni, na nyingi zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: ukitoka kwenye hoteli za mkanda wa mkononi, zile unazolipia kila kitu kwa pamoja, kuna nini? Nimechagua hizi sita.

Binamu yangu anaolewa Montego Bay na sisi wa Mombasa tumealikwa. Harusi ikiisha tunabaki na siku kadhaa. Twende wapi tusikokutana na mabasi ya watalii? (Msomaji, Mombasa)

Nendeni mashariki, wilaya ya Portland, mji wa Port Antonio. Montego Bay, Negril na Ocho Rios ndiko ziliko hoteli kubwa. Portland inanyesha kuliko karibu kila mahali kisiwani, na nadhani mvua hiyo ndiyo iliyoinusuru. La kuchekesha ni kwamba utalii wa Jamaica ulianzia huku huku, mwishoni mwa karne ya 19, pale meli zilizofuata ndizi zilipoanza kubeba na abiria. Watalii wakahamia magharibi kwenye jua, Port Antonio ikabaki na nyumba zake za zamani na soko lake.

Anzeni na Blue Lagoon. Ni kidimbwi chenye kina cha mita zaidi ya hamsini, kilichounganika na bahari, na chini yake kuna chemchemi. Ukiogelea unapita kwenye maji ya baridi kama ya mtungi, hatua chache mbele unaingia kwenye vuguvugu la bahari. Frenchman's Cove mtalipa kiingilio, ila mto unaoingia baharini pale pale penye mchanga unastahili hiyo hela.

Mimi ningemalizia siku kwenye ufukwe wa Winnifred. Jamaica ina sheria ya fukwe ya mwaka 1956 ambayo haimpi mwananchi haki ya jumla ya kuingia ufukweni, ndiyo maana sehemu nyingi zina geti. Watu wa Winnifred walikataa ufukwe wao kufungwa, wakaenda mahakamani, na mwaka 2014 uamuzi ukawa upande wao. Leo unaingia bure, na kuna wapishi wa samaki kwenye vibanda. Nunueni kwao. Kama mna siku ya ziada, shukeni mto Rio Grande kwa chelezo cha mianzi. Vyelezo hivyo vilibeba ndizi kabla ya kubeba watalii, na inasemekana mwigizaji Errol Flynn ndiye aliyeufanya mchezo huo uwe fasheni.

Nimesikia kuna vijiji vya watumwa waliotoroka na hawakushindwa hadi leo. Vipo kweli, na mgeni anaruhusiwa? (Mwalimu wa historia, Tabora)

Vipo, mwalimu. Ni vijiji vya Wamaroon. Wahenga wao walikimbilia milimani, wakapigana na Waingereza hadi Waingereza wakakubali kuandika nao mkataba. Kule magharibi kiongozi wao Cudjoe alitia saini mwaka 1739, na kijiji cha Accompong huadhimisha kila tarehe 6 Januari. Mashariki kulikuwa na Nanny, mwanamke ambaye leo ni shujaa wa taifa na picha yake iko kwenye noti ya dola 500 ya Jamaica. Kijiji chake, Moore Town, kiko ndani ya bonde la Rio Grande, na urithi wake umeorodheshwa na UNESCO. Milima inayokizunguka, Blue na John Crow, iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2015, eneo la kwanza la Jamaica kupata heshima hiyo.

Ukisikia wakipuliza abeng, sikiliza vizuri. Ni pembe ya ng'ombe yenye tundu ubavuni, na wakati wa vita ilipeleka ujumbe kutoka kilima hadi kilima huku askari wa Kiingereza wakiisikia bila kuielewa. Kuhusu ruhusa: usijiingilie tu na kamera. Kila kijiji kina mkuu wake, kwa jadi huitwa Kanali. Tuma salamu mapema, uliza mchango wa kijiji ni kiasi gani, na ukubali kuongozwa na mwenyeji. Accompong siku ya sherehe hufurika watu. Anayetaka mazungumzo aende siku nyingine.

Usafiri bila kukodi gari unawezekana? (Dada wa Kisumu)

Unawezekana sana, na utajiona nyumbani. Wanaendesha kushoto kama sisi, kuna Coaster, na teksi za njia maalumu mara nyingi ni Probox. Tafuta namba za gari za rangi nyekundu, hizo ndizo zenye leseni. Unalipa kwa kiti, gari linangoja lijae, na nyuma mtabanana. Uliza nauli kwa abiria mwenzako kabla hujapanda. Kama safari yako ni ya Portland peke yake, shukia uwanja wa Kingston, maana kutoka Montego Bay ni barabara ndefu ya pwani.

Chakula je? Mume wangu hali pilipili. (Mama wa Kigamboni)

Pole yake! Boston Bay, karibu na Port Antonio, ndipo nyama ya jerk, yaani iliyopakwa viungo na pilipili kali, inapochomwa kwa kuni za pimento, mti wa viungo, imefunikwa mabati. Mchomaji anaikata kwa panga juu ya gogo, anaifunga kwenye karatasi, na pilipili yake ni ndugu wa pilipili mbuzi yetu. Mwagizie samaki wa kukaanga bila mchuzi wa siki, shelisheli la kuchoma na festival, yaani andazi refu lenye unga wa mahindi. Tunda la ackee ale lililopikwa na wenyeji tu. Lisipofunguka lenyewe mtini lina sumu.

Treasure Beach na ile baa ya katikati ya bahari bado zipo? (Msomaji, Muscat)

Kimbunga Melissa kilipiga kusini magharibi tarehe 28 Oktoba 2025, na wilaya ya St. Elizabeth, ambamo Treasure Beach imo, iliumia vibaya. Baa unayoiulizia, Pelican Bar, ni miti na makuti juu ya fungu la mchanga, na vimbunga vimeshaivunja zaidi ya mara moja ikajengwa tena. Pigia simu nyumba ya wageni ya huko kabla ya kulipa nauli. Ukiambiwa wanapokea wageni, nenda, maana fedha yako ina kazi zaidi pale kuliko Negril.

Nipitie wapi kufika? (Kijana wa Arusha)

Hakuna ndege ya moja kwa moja. Ukipitia Marekani utahitaji viza yao hata kama hutoki uwanjani, na kwa pasipoti ya Tanzania au Kenya Uingereza nayo hudai viza ya kupita. Maliza hilo kwanza, tiketi baadaye. Na kadi ya njano ya homa ya manjano usiiache nyumbani. Ukitokea kwetu, wanaweza kuidai.